Italia ya Prodi: Serikali Iliyoishi kwa Kura Mbili

Katika jumba la Palazzo Chigi mjini Rome, ofisi ya waziri mkuu wa Italia, kuna kengele ndogo ya mkononi ambayo kiongozi wa serikali huitumia kuendesha kikao cha baraza la mawaziri. Siku ya kuondoka humkabidhi mrithi wake, kamera zikiwaka pande zote. Tangu Italia iwe jamhuri mwaka 1946 imekuwa na serikali zaidi ya 60, na nyingi hazikufikisha hata miaka miwili. Mei 2006 Silvio Berlusconi, tajiri wa televisheni na mmiliki wa klabu ya AC Milan, alimkabidhi kengele hiyo Romano Prodi, profesa wa uchumi kutoka Bologna aliyewahi kuwa rais wa Kamisheni ya Ulaya. Nimeichagua serikali ya Prodi kwa kuwa sijui nyingine inayoonyesha vizuri zaidi jinsi nchi hiyo inavyotawaliwa, na jinsi inavyoshindwa kutawalika.

Msomaji aliyezoea rais anayeteua mawaziri na kuwafukuza apendavyo inabidi aanze upya akifika Italia. Rais wao, mkazi wa kasri la Quirinale, ni mlezi wa katiba. Anamteua waziri mkuu, anaweza kuvunja Bunge, lakini hatawali. Anayetawala ni waziri mkuu, naye hawezi kukaa hata wiki chache bila kura ya imani ya mabaraza mawili ya Bunge: Baraza la Wawakilishi lililoko Montecitorio, wakati huo likiwa na viti 630, na Seneti iliyoko Palazzo Madama, iliyokuwa na maseneta 315 wa kuchaguliwa pamoja na wachache wa maisha. Mabaraza hayo yana nguvu sawasawa. Ukishinda moja ukashindwa jingine, umeshindwa.

Hapo ndipo ulipokuwa mtego wa 2006. Miezi michache kabla ya uchaguzi, mrengo wa kulia uliokuwa madarakani ulibadili sheria ya uchaguzi. Kwa Baraza la Wawakilishi, muungano unaoongoza nchi nzima ulipewa viti 340 hata kama umeongoza kwa kura moja. Kwa Seneti, viti vya nyongeza viligawanywa mkoa kwa mkoa, kila mkoa na mshindi wake. Aprili ilipofika, kati ya kura zipatazo milioni 38, Prodi na muungano wake ulioitwa L'Unione walimzidi Berlusconi kwa kura 25,000 hivi. Montecitorio wakapata wingi wa kutosha. Palazzo Madama wakapata viti 158 dhidi ya 156, na kiti kimoja kikaenda kwa Luigi Pallaro, mfanyabiashara aliyekuwa akiishi Argentina, aliyechaguliwa na Waitalia wa Amerika Kusini.

Wakenya na Watanzania wanaojadili kura ya ndugu zao walio ughaibuni wangefaa kuitazama kwa makini habari hii. Waziri wa mrengo wa kulia, Mirko Tremaglia, alikuwa amepigania kwa miaka mingi Waitalia walio nje wachague wabunge wao. Walipopewa nafasi kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu huo, viti vinne kati ya sita vya Seneti walivyokuwa navyo wakaupa mrengo wa kushoto. Bila wao Prodi asingekuwa waziri mkuu.

Sasa tazama waliokaa pamoja kwenye meza moja. Mambo ya nje alipewa Massimo D'Alema, aliyelelewa na Chama cha Kikomunisti na aliyewahi kuwa waziri mkuu. Ulinzi ukaenda kwa Arturo Parisi, msiri wa Prodi, na mambo ya ndani kwa Giuliano Amato, naye waziri mkuu wa zamani. Fedha na uchumi akakabidhiwa Tommaso Padoa-Schioppa, mtu wa benki kuu, asiye na chama na asiye na haja ya kumbembeleza mtu. Emma Bonino, aliyepigania haki ya talaka na ya kutoa mimba, alikaa karibu na Rosy Bindi, Mkatoliki wa kweli kweli, aliyepewa wizara ya familia. Paolo Ferrero alitoka chama kilichojiita waziwazi cha kikomunisti. Clemente Mastella, mwanasiasa wa Campania mwenye chama kidogo cha Wakristo wa kati kiitwacho Udeur, akapewa sheria, ilhali Antonio Di Pietro, mwendesha mashtaka wa Milan aliyepata umaarufu kwa kuwafikisha wanasiasa mahakamani katika miaka ya 1990, akapewa miundombinu. Mawaziri na manaibu wote kwa jumla walipita 100. Ilani yao ya uchaguzi ilikuwa na kurasa 281, kwa sababu kila chama kilitaka neno lake liandikwe humo.

Kwa maoni yangu kosa kubwa la Prodi lilikuwa hapo. Watu hao waliunganishwa na nia ya kumwondoa Berlusconi, na nia hiyo ilikwisha kazi yake siku matokeo yalipotangazwa. Miezi mitatu hivi baadaye Bunge lilipitisha msamaha uliowapunguzia wafungwa kifungo kwa miaka mitatu, magereza yakiwa yamefurika, na zaidi ya watu 20,000 wakatoka. Mastella aliutetea kama waziri wa sheria. Di Pietro, waziri mwenzake, akatoka barabarani kuupinga.

Hata hivyo, si haki kusema serikali ile haikufanya kitu. Padoa-Schioppa alikuta nakisi ya bajeti imevuka kikomo cha Umoja wa Ulaya cha asilimia 3 ya pato la taifa, akairudisha chini yake. Alithubutu kusema kwenye televisheni kwamba kodi ni kitu kizuri, kwa kuwa ndiyo njia ya kuchangia pamoja elimu, usalama na afya. Alishambuliwa vibaya, na nadhani alikuwa na haki. D'Alema alipeleka Lebanon wanajeshi zaidi ya 2,000 chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa baada ya vita vya 2006, huku waliokuwa Iraq wakirudishwa nyumbani. Waziri wa maendeleo ya uchumi, Pier Luigi Bersani, aliingia kwenye mambo ya mfukoni kabisa. Mwitalia aliyenunua vocha ya simu alikatwa ada juu ya muda wa maongezi. Mwanzoni mwa 2007 Bersani aliifuta kwa amri ya serikali. Aliruhusu pia dawa zisizohitaji cheti cha daktari ziuzwe kwenye maduka makubwa. Alipogusa leseni za teksi, madereva waliziba barabara za Rome mpaka akalegeza.

Lakini kila kitu kilipita Seneti. Kura ya imani hupigwa kwa kuitwa jina: seneta huinuka, hupita mbele ya meza ya spika, husema ndiyo au hapana. Mara nyingi serikali ilivushwa na maseneta wa maisha, akiwemo Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1986, wakati huo akiwa na miaka 97 na zaidi. Alifika, akasubiri zamu yake, akapiga kura. Mwanasiasa mmoja wa upinzani alitamka hadharani kwamba angempelekea magongo nyumbani kwake. Maneno hayo yaliwaaibisha waliocheka kuliko mama yule.

Februari 21, 2007 D'Alema aliomba Seneti iunge mkono sera yake ya nje, ikiwemo kubakisha jeshi Afghanistan. Alipata kura 158, zilihitajika 160. Maseneta wawili wa kushoto hawakupiga kura kwa sababu walipinga vita ile. Prodi akajiuzulu, Rais Giorgio Napolitano akamrudisha bungeni, akapata imani tena kwa kura 162 dhidi ya 157.

Anguko lenyewe lilikuja Januari 2008. Marundo ya taka yalikuwa yamezizingira nyumba za Napoli na vitongoji vyake. Chama kipya cha Demokrasia chini ya Walter Veltroni kilikuwa kimeanza kusema kitagombea peke yake, na vyama vidogo vikaona kifo chao. Tarehe 16 mke wa Mastella, Sandra Lonardo, spika wa baraza la mkoa wa Campania, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake katika uchunguzi wa matumizi mabaya ya madaraka. Miaka mingi baadaye mahakama iliwaachia huru yeye na mumewe. Lakini wakati huo Mastella alijiuzulu, na siku chache baadaye akakiondoa chama chake serikalini. Udeur ilikuwa na maseneta watatu tu.

Prodi angeweza kung'atuka kabla ya kuhesabiwa. Alikataa, alitaka kila mmoja aseme hapana yake mbele ya watu. Baraza la Wawakilishi lilimpa imani tarehe 23. Kesho yake Seneti ilikuwa uwanja wa fujo. Nuccio Cusumano wa Udeur alipotangaza kuwa hatafuata amri ya chama, mwenzake wa chama alimvamia kwa matusi, na Cusumano akatolewa nje kwa machela. Matokeo yaliposomwa, kura 156 za ndiyo na 161 za hapana, seneta mmoja wa upinzani alijaza mdomo vipande vya mortadella, soseji ya Bologna ambayo wapinzani waliifanya jina la kumkejeli Prodi, na chupa ya mvinyo ikafunguliwa ndani ya ukumbi. Usiku huohuo Prodi alikwenda Quirinale kujiuzulu.

Aprili Berlusconi alirudi kwa ushindi mkubwa. Wakomunisti na Wakijani waliokuwa wakimsumbua Prodi hawakupata kiti hata kimoja bungeni. Udeur haikugombea kabisa. Enrico Letta, aliyekuwa msaidizi wa Prodi pale Palazzo Chigi, na Paolo Gentiloni, waziri wake wa mawasiliano, kila mmoja alikuja kuwa waziri mkuu. Prodi mwenyewe aliitwa na Umoja wa Mataifa, mwaka 2008 kuongoza jopo la kulinda amani Afrika, na 2012 kuwa mjumbe maalumu wa Sahel. Mwaka 2016 wananchi walikataa kwenye kura ya maoni kuiondolea Seneti uwezo wa kuangusha serikali, na mwaka 2020 wakakubali kupunguza wabunge na maseneta wa kuchaguliwa kutoka 945 hadi 600. Waziri mkuu wa Italia angali analazimika kushinda kura ya imani katika mabaraza yote mawili.