TAA YA MBELE YA BAISKELI: JINSI YA KUICHAGUA



Kwa watu wengi wa Masasi na Newala, baiskeli ni chombo cha kazi. Humpeleka mkulima shambani na kumrudisha. Hubeba korosho, mahindi, maji na kuni. Hubeba hata mgonjwa. Walinzi, vibarua na mafundi wa Lisekese na vijiji vya jirani huipanda kila siku kwenda kazini mjini Masasi.

Lakini safari hizi zote hazifanyiki mchana. Katika sehemu zetu jua huzama kama saa 12 na dakika 10 jioni mwezi wa Juni. Mwezi wa Desemba huzama kama saa 12 na dakika 40. Baada ya hapo giza huingia upesi, kabla ya nusu saa kwisha. Mkulima akichelewa kwenye mizani ya korosho, giza humkuta njiani. Fundi akimalizia kazi ya mteja, giza humkuta njiani.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuchagua taa ya mbele inayofaa safari yako, na jinsi ya kuifunga na kuitunza.

1. TAA INA KAZI MBILI

Kazi ya kwanza ni kukuwezesha kuona. Unahitaji kuona shimo, mchanga, jiwe, mbuzi aliyelala barabarani na mtu anayetembea kwa miguu.

Kazi ya pili ni kukuwezesha kuonekana. Dereva wa gari au pikipiki anayekuja mbele yako lazima ajue kwamba upo. Watu wengi husema, "Mimi njia hii naijua, hata gizani napita." Huenda ni kweli. Wewe unaijua njia, lakini dereva hakujui wewe. Anayetembea kwa miguu naye hasikii baiskeli inapokuja.

Nchi nyingi zimekubaliana juu ya jambo hili. Mkataba wa usafiri wa barabarani uliofanywa mjini Vienna, Austria, mwaka 1968 unataka baiskeli iwe na breki nzuri, kengele, na kiakisi chekundu nyuma. Unataka pia iwe na vifaa vya kutoa mwanga mweupe au wa manjano mbele, na mwanga mwekundu nyuma. Kwa rangi hizo mtu hujua kama baiskeli inamjia au inakwenda mbele yake. Kwa hiyo usifunge taa nyekundu mbele.

2. MWANGA NA MWENDO

Taa ifike umbali gani? Tufanye hesabu.

Mtu anayeendesha baiskeli kwa mwendo wa kilometa 15 kwa saa huenda mita 4 hivi kila sekunde. Akiona shimo, hupita kama sekunde 1 kabla mikono yake haijakamata breki. Katika sekunde hiyo baiskeli imekwenda mita 4. Kisha inahitaji mita nyingine 3 au 4 ili isimame. Jumla ni kama mita 8. Kwa hiyo taa yake inapaswa kuonyesha njia vizuri mita 10 mbele, au zaidi.

Sasa tuseme mtu huyo anateremka mlima kwa mwendo wa kilometa 25 kwa saa. Kila sekunde anakwenda mita 7. Kusimama kunahitaji zaidi ya mita 15. Kwenye mchanga, au akiwa amebeba gunia, anahitaji umbali mkubwa zaidi. Taa inayoonyesha mita 10 tu haitamwokoa. Atakapoliona shimo atakuwa ameshaingia ndani yake.

Kanuni ni hii: mwendo wako usizidi mwanga wako. Kama taa ni ndogo, nenda polepole.

3. AINA ZA TAA

(a) Taa ya dinamo

Wazee wetu waliijua taa hii kwenye baiskeli za Raleigh na Phoenix. Dinamo ni chombo kidogo chenye umbo la chupa. Kichwa chake hugusa ubavu wa tairi. Tairi likizunguka, kichwa nacho huzunguka. Ndani yake sumaku huzunguka karibu na waya uliosokotwa, na hapo umeme hupatikana.

Dinamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3. Wati 2.4 ni za balbu ya mbele, na wati 0.6 ni za balbu ya nyuma. Balbu ya nyuma ikiungua, ibadilishe mara moja. Usipofanya hivyo, umeme wake utakwenda mbele, na balbu ya mbele nayo itaungua.

Uzuri wake: haihitaji betri wala kuchajiwa. Imefungwa kwa nati, kwa hiyo si rahisi kuibiwa.

Ubaya wake: ukisimama, taa ya dinamo ya kawaida huzimika. Ukienda polepole, hufifia. Hufanya baiskeli iwe nzito kidogo. Wakati wa kifuku tairi huwa na tope, kichwa huteleza, na mwanga hukatika.

(b) Tochi ya betri kavu

Kuanzia miaka ya 1960 kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilitengeneza betri kavu nchini kwetu, na tochi ikaenea vijijini. Watu wengi huifunga tochi kwenye usukani kwa mpira wa tyubu.

Uzuri wake: hupatikana karibu kila duka, na betri zikiisha unaweka nyingine papo hapo.

Ubaya wake: betri hununuliwa tena na tena. Tuseme betri mbili zinauzwa shilingi 2,000 na zinatosha siku 10. Kwa mwezi utanunua mara 3, yaani shilingi 6,000. Kwa miezi 6 utatumia shilingi 36,000. Fanya hesabu hii kwa bei za dukani kwako. Huenda tochi ya bei ndogo ikawa ya gharama kubwa kuliko taa ya kuchaji.

Usiishike tochi mkononi unapoendesha. Mkono ulioshika tochi haukamati breki vizuri.

(c) Taa ya LED ya kuchaji

LED ni kipande kidogo sana kinachotoa mwanga mkali kwa umeme mdogo. Hakina waya mwembamba wa kuungua kama balbu ya zamani. Taa nyingi za namna hii huchajiwa kwa waya kama wa simu.

Uzuri wake: mwanga ni mwingi, taa ni nyepesi, na hakuna betri za kununua kila mara. Kama nyumbani una umeme wa TANESCO au sola, unachaji bila kwenda mbali.

Ubaya wake: chaji ikiisha njiani, huna la kufanya. Asiye na umeme nyumbani hulipa kila anapochaji dukani. Mwenye sola ndogo akumbuke siku za mawingu, kwani siku hizo umeme hupungua. Tena taa hii hutolewa kwa urahisi, na mwizi naye anajua hivyo.

(d) Tochi ya kichwani

Hii inafaa kwa kuziba pancha gizani au kurudisha mnyororo. Kwa kuendesha ina kasoro moja kubwa. Ukimtazama mtu usoni, unammulika machoni. Anayemulikwa haoni kitu, naye anaweza kukugonga. Isiwe taa yako ya pekee.

4. JIULIZE MASWALI MATATU

Usianze kwa kuuliza, "Taa ipi ni kali?" Anza na safari yako.

Swali la kwanza: Njia yangu ikoje? Ni lami au mchanga? Ni tambarare au mteremko?

Swali la pili: Nakaa gizani kwa muda gani kila siku?

Swali la tatu: Nitapata wapi umeme au betri, na kwa bei gani?

Tutazame mifano mitatu.

Mlinzi hutoka Lisekese saa 11 na nusu jioni kwenda mjini, na hurudi asubuhi. Safari yake ni fupi, na mara nyingi kuna mwanga kidogo. Haja yake kubwa ni kuonekana. Taa ndogo ya LED inamtosha.

Mchuuzi hutoka nyumbani saa 10 alfajiri kuwahi soko. Ana karibu saa 2 za giza kila siku, na amebeba mzigo. Anahitaji taa inayowaka saa 3 au zaidi bila kufifia. Akiwa na sola nyumbani, anunue taa nzuri ya kuchaji. Kama hana, dinamo itamfaa, na tochi iwe akiba.

Mkulima wa upande wa Newala huteremka kutoka uwanda wa juu. Njia yake ina mteremko mkali. Anahitaji mwanga unaofika mbali na breki nzima. Tena anahitaji kupunguza mwendo kabla ya mteremko kuanza.

5. UKIFIKA DUKANI

Kwenye boksi la taa ya LED utaona neno "lumeni". Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Kwa mwendo wa kawaida kwenye njia yenye giza, taa ya lumeni 100 hadi 200 iliyofungwa vizuri huwatosha watu wengi. Lakini usinunue kwa kusoma namba tu. Namba za boksi si za kweli siku zote. Tena mwanga mwingi unaopotea juu ya miti haukusaidii kitu.

Fanya majaribio haya kabla ya kulipa:

Washa taa na kuielekeza kwenye ukuta wenye kivuli. Mwanga mzuri una sehemu kali katikati na mwanga hafifu pembeni. Nukta ndogo kali peke yake haitakuonyesha kando ya njia.

Funga macho, kisha tafuta swichi kwa kidole. Usipoipata dukani, njiani hutaipata.

Funga taa kwenye usukani wa baiskeli yako na kuitikisa. Ikicheza dukani, itaanguka kwenye makorongo.

Tazama kama inazuia maji. Alama IPX4 kwenye boksi maana yake ni kwamba imetengenezwa kustahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande. Hiyo inafaa kwa mvua ya njiani.

Tazama waya wa kuchajia. Ukifanana na wa simu yako, huna haja ya kununua mwingine.

Dai risiti. Ukifika nyumbani, chaji taa mpaka ijae, iwashe jioni, na tazama saa. Andika ilipowaka na ilipofifia. Hapo utajua ukweli wa maneno ya boksi.

6. KUFUNGA TAA

Taa iliyofungwa vibaya huumiza macho ya wengine na kumwacha mwenyewe gizani. Ipime hivi:

Simamisha baiskeli hatua 5 kubwa kutoka ukutani. Pima kimo cha taa kutoka chini. Kisha inamisha taa mpaka katikati ya mwanga ukutani pawe nusu ya kimo hicho. Kama taa iko sentimeta 100 juu ya ardhi, katikati ya mwanga pawe sentimeta 50. Mwanga ulioshuka nusu katika hatua 5 utafika chini katika hatua 10. Hapo utaiona njia, na anayekuja mbele yako hatapofuka.

Mzigo wa mbele au kapu lisiizibe taa. Taa nyingi huweza kumetameta. Tumia hali hiyo jioni, kabla giza halijaingia, ili uonekane. Giza likiwa zito, tumia mwanga usiokatika. Mwanga unaometameta hauonyeshi njia vizuri.

Usisahau nyuma. Taa ya mbele haimsaidii dereva anayekuja nyuma yako. Weka kiakisi chekundu na ukifute vumbi. Ukiweza, ongeza taa nyekundu. Endesha upande wa kushoto.

7. KUTUNZA TAA

Futa kioo cha taa kila wiki, kwani vumbi hupunguza mwanga. Usiiache taa ya kuchaji kwenye jua kali. Tochi isiyotumika kwa muda mrefu itolewe betri, kwa sababu betri kuukuu huvuja na kuiharibu. Usitupe betri motoni. Ukifika sokoni, ondoa taa inayotoka na kuitia mfukoni.

Chaji taa hata siku ambayo huna safari. Usiku mama mjamzito anaweza kushikwa na uchungu, au mtoto akapata homa kali. Baiskeli ya jirani ndiyo itakayohitajika kwenda zahanati au hospitali ya Mkomaindo. Wakati huo si wakati wa kutafuta chaji.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kazi mbili za taa ya mbele ni zipi?
2. Kwa nini anayeteremka mlima anahitaji mwanga wa mbali zaidi?
3. Andika muda unaokaa gizani katika safari zako za wiki moja.
4. Piga hesabu ya betri kavu kwa miezi 6 kwa bei za dukani kwako. Linganisha na bei ya taa ya kuchaji.
5. Ni baiskeli ngapi za wanadarasa zenye taa mbele na kiakisi nyuma? Zisizo navyo mtazisaidiaje?