Saa ya Mkononi, Upele wa Ngozi na Madini ya Titani

Mwezi huu tuzungumzie tatizo ambalo watu wengi hulivumilia kimya kimya kwa miaka: upele unaotokea chini ya saa. Mtu ananunua saa, anaivaa vizuri kwa muda mrefu, kisha ngozi ya mkono inaanza kuwasha. Anahamishia saa mkono wa pili, na huko nako mambo ni yale yale. Mmoja anasema ni fangasi, mwingine anasema ni sabuni, mwingine anamshuku jirani. Mwisho anakwenda duka la dawa na kununua krimu. Upele unapoa kwa wiki moja, halafu unarudi.

Siku hizi wauzaji wa saa wana jibu jipya: "Nunua saa ya titani, tena gredi 5, hutawashwa kamwe." Je, maneno hayo ni ya kweli? Yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Kabla familia haijatoa fedha nyingi, yafaa ielewe kinachowasha ni nini na gredi maana yake nini.

Kinachowasha ni nini?

Mara nyingi mkosaji ni madini yaitwayo nikeli. Saa nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, kisha zikapakwa nikeli ili zing'ae, au zikapakwa rangi ya dhahabu juu ya nikeli. Jasho lina chumvi. Tunapolima, tunapochuma chai kule Mufindi au tunapopanda milima ya Mbeya tukiwa na sweta, jasho hukusanyika chini ya saa, hula ule mpako polepole, na chembe za nikeli huingia katika ngozi.

Kwa watu wengi hakuna kinachotokea. Lakini kwa wengine kinga ya mwili huichukulia nikeli kama adui na kuikumbuka. Huo ndio mzio. Ukishaupata, kwa kawaida hauondoki maisha yako yote. Kuupata kunaweza kuchukua wiki chache au miaka mingi, kwa hiyo mtu anayesema, "Saa hii nimeivaa miaka mitatu bila taabu," bado hajathibitisha kwamba saa haina kosa. Tena upele haujitokezi papo hapo. Huja siku moja hadi tatu baada ya ngozi kugusana na nikeli, na ndiyo maana wengi hawautambui mwanzo wake.

Utajuaje kuwa ni nikeli?

Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tazama badala yake kama ngozi imekuwa nyeusi zaidi kuliko sehemu ya jirani, kama imekuwa nene na yenye magamba, au kama ina vipele vidogo vyenye majimaji. Kisha jiulize maswali haya:

1. Je, umbo la upele linafuata umbo la mgongo wa saa au bizimu ya mkanda?
2. Je, umewahi kuwashwa masikioni kwa sababu ya hereni, au shingoni kwa sababu ya mkufu?
3. Je, una sehemu inayowasha karibu na kitovu, pale kifungo cha suruali au bizimu ya mshipi inapogusa?

Ukijibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, nikeli ndiyo ya kushukiwa kwanza. Lakini kama upele unafuata mkanda wa ngozi na si chuma, huenda sababu ni kromi iliyotumika kulainisha ngozi hiyo kiwandani. Mafundi ujenzi hupata mzio wa kromi pia kutokana na saruji. Na kama ngozi imelainika tu na kunuka, huenda ni jasho na sabuni vilivyofungiwa chini ya saa usiku na mchana. Hapo dawa ni kuvua saa, kuiosha na kukausha mkono.

Upele wa mzio hauambukizi. Mama anaweza kumbeba mtoto wake bila hofu.

Titani ni madini gani?

Hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta. Katika vilima vya Liganga, wilaya ya Ludewa, ambayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa mpaka Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, kuna mawe ya chuma yaliyobeba titani na madini mengine yaitwayo vanadi. Wapangwa wa milima hiyo waliyeyusha chuma zamani kwa tanuri za udongo na mkaa. Titani hawakuweza kuitoa, wala hakuna aliyeweza kwa njia hiyo popote duniani, kwa sababu titani hushikamana sana na oksijeni na mkaa hauwezi kuiachanisha.

William Gregor, padre wa Kianglikana huko Uingereza, aliitambua katika mchanga mweusi mwaka 1791. Mjerumani Martin Heinrich Klaproth aliipa jina mwaka 1795. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1930 ndipo William Kroll wa Luxembourg alipopata njia ya kufaa ya kuitoa kwa kutumia magnesiamu. Njia hiyo ni ndefu na hula nishati nyingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya saa ya titani kuwa ghali. Saa ya kwanza ya mkononi ya titani ilitengenezwa na kampuni ya Citizen ya Japani mwaka 1970. Hata hivyo sehemu kubwa sana ya madini ya titani duniani haiendi kwenye saa, bali kwenye rangi nyeupe, ikiwemo ile tunayopaka ukutani.

Sifa yake kubwa kwa afya ni hii: ikiguswa na hewa, titani hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba mno usioonekana. Ukiikwaruza, utando hujirudisha mara moja. Jasho haliwezi kuupenya kwa urahisi. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa hukua na kushikamana na titani, na mwaka 1965 akaanza kuwawekea wagonjwa meno yaliyosimikwa juu yake. Leo hutumika pia kuunga mifupa iliyovunjika. Kitu kinachoweza kukaa ndani ya mfupa kwa miaka hakishindwi kukaa juu ya mkono. Mzio wa titani yenyewe upo, lakini ni nadra sana.

Gredi maana yake nini?

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Gredi za titani si kama madaraja ya kahawa ya Mbozi, ambako daraja la juu ni kahawa bora kuliko la chini. Ni kama namba kwenye mifuko ya mbolea: namba hukuambia kilichomo, na kilicho bora hutegemea kazi unayotaka kuifanya.

Gredi 1 hadi 4 zote ni titani tupu. Zinatofautiana kwa kiasi kidogo cha oksijeni na chuma kilichobaki ndani. Gredi 1 ni laini kuliko zote, gredi 4 ni ngumu kuliko hizo nyingine tatu. Saa nyingi za titani za bei ya kati ni gredi 2. Ni salama kwa ngozi, haishiki kutu, lakini hukwaruzika upesi, na rangi yake ni ya kijivu iliyofifia.

Gredi 5 ni mchanganyiko: titani, alumini kiasi cha asilimia 6 na vanadi kiasi cha asilimia 4. Vanadi hiyo ni yale madini tuliyoyataja pale Liganga. Nguvu yake ni kama mara 3 ya gredi 2. Hung'arishwa vizuri zaidi na haikwaruziki upesi. Ni ghali kwa sababu ni ngumu kuichonga.

Gredi 23 ni ndugu wa gredi 5 iliyosafishwa zaidi, na hutumika sana hospitalini kwa vifaa vya ndani ya mwili.

Sasa shikeni jambo hili: katika mapishi ya gredi hizi zote hakuna nikeli. Kwa hiyo mwenye mzio wa nikeli hapati nafuu zaidi kwa kulipia gredi 5 badala ya gredi 2. Anayefanya kazi ngumu ya mikono anaweza kuitaka gredi 5 kwa sababu ya mikwaruzo. Anayetaka tu ngozi ipone, gredi 2 yamtosha.

Tahadhari moja: kuna mchanganyiko mwingine wa titani ambao karibu nusu yake ni nikeli. Hutumika katika baadhi ya fremu za miwani zile zinazokunjika na kurudi zilivyokuwa. Muuzaji atakuambia ni titani, naye hasemi uongo, lakini mwenye mzio awe mwangalifu.

Ukienda dukani

Kwanza, geuza saa usome mgongoni. Maneno STAINLESS STEEL BACK maana yake ni kwamba mgongo tu ndio chuma kisichoshika kutu. Sehemu nyingine zaweza kuwa shaba iliyopakwa. Neno TITANIUM peke yake halikuhakikishii kwamba mkanda na bizimu navyo ni titani. Uliza kila sehemu inayogusa ngozi: mgongo, mkanda, bizimu na kile kitufe cha kurekebishia saa. Watu wengi hununua saa ya titani yenye bizimu ya kawaida, kisha hushangaa upele umehamia upande wa ndani wa mkono.

Pili, ipime kwa mkono. Titani ni nyepesi: kipande cha sentimita 10 za ujazo kina gramu 45, wakati chuma kisichoshika kutu cha ukubwa huo huo kina karibu gramu 79. Saa iliyoandikwa titani ambayo ni nzito kama ya chuma inatia shaka.

Tatu, usitegemee sumaku. Ni kweli titani haivutwi na sumaku, lakini hata chuma kizuri kisichoshika kutu huwa hakivutwi sana.

Nne, hakikisha ina mshale wa sekunde. Saa ya nyumbani ina kazi ya afya pia. Mtoto anapokohoa wakati wa baridi ya Juni na Julai, mhesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa kazi hiyo saa ya bei ndogo ni sawa na saa ya titani.

Kama fedha haitoshi

Si lazima kununua titani. Chuma kizuri kisichoshika kutu kina nikeli, lakini huiachia kwa shida sana, na wengi wenye mzio hafifu hukivaa bila taabu. Pia mkanda wa kitambaa unaopita chini ya saa hutenganisha chuma na ngozi, na fundi cherehani anaweza kuushona. Bizimu na mgongo wa saa vinaweza kupakwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Hubanduka, hivyo rudieni kila baada ya muda. Au weka saa mfukoni, kama walivyofanya babu zetu. Wauguzi na wakunga wengi huibandika saa kifuani, jambo ambalo pia huwasaidia kunawa mikono vizuri.

Ukiwa tayari una upele

Vua saa na usiivae mpaka ngozi ipone kabisa. Jambo hili huchukua wiki kadhaa. Usijikune, kwa maana jeraha huingiza vijidudu. Usijinunulie krimu kali kama zile zenye betamethasoni au klobetasoli na kuzipaka miezi na miezi. Zina kazi yake chini ya uangalizi wa mganga, lakini zikitumiwa ovyo hukondesha ngozi na kuacha michirizi isiyofutika, na huku saa yenye nikeli ingali mkononi. Ukiona usaha, uvimbe au homa, nenda zahanati.

Wazazi, kumbukeni mabinti. Njia kubwa ya kuupata mzio huu ni kutoga masikio na kuvaa hereni za bei ndogo kwenye kidonda kibichi. Nchi za Ulaya ziliweka sheria ya kupunguza nikeli katika hereni na saa mwaka 1994 kwa sababu hiyo. Hereni ya kwanza ya mtoto ndiyo ya kuchagua kwa makini kuliko saa yoyote atakayonunua ukubwani.

Na mwenye mzio wa nikeli, siku ukivunjika mfupa na daktari akasema ataweka chuma ndani, mwambie mapema. Baadhi ya vyuma hivyo vina nikeli, vingine ni titani. Akijua kabla ya upasuaji, anaweza kuchagua kinachokufaa.