Fimbo Moja kwa Maji Matatu

Wazee husema: "Mchagua jembe si mkulima." Methali hiyo ina kweli yake, maana mvivu hakosi kuulaumu mpini. Lakini siku moja, ukingoni mwa Lualaba, upande wetu wa Lubudi, tulijifunza kwamba yuko pia mkulima hodari aangushwaye na jembe lisilomfaa.

Ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa kiangazi. Baba mmoja, mtu wa kazi mwenye watoto watano, alishuka mtoni na fimbo mpya ya kuvulia. Ilikuwa ndefu kupita mita nne, nene kama kifundo cha mkono, nayo iling'aa kama kioo. Nyuma yake alikuja mwanawe wa miaka kumi hivi, amechukua tete tu, lenye mshipi wa nailoni na boya la bua la mtama. Baba akavurumisha kwa nguvu zake zote, na risasi ikaanguka karibu na miguu yake. Akajaribu tena, mshipi ukajisokota. Mara ya tatu ukakatika, na ndoana ikaenda zake na maji. Ilipofika jioni, mtoto alikuwa na tilapia watatu katika kikapu. Baba hakuwa na kitu.

Njiani, tulipokuwa tukirudi, alitufungulia moyo. Fedha za fimbo ile zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya shule, na mwezi wa Septemba ulikuwa umekwisha bisha hodi. "Mama watoto sijamwambia bado," akasema kwa sauti ndogo.

Wasomaji wapendwa, kwa ajili ya baba huyo, na wengine wengi walio kama yeye, tumeona yafaa kueleza namna ya kuchagua chombo kimoja cha kuvulia ambacho kitaitumikia familia kila mahali, bila kuinyang'anya familia hiyo mkate wake.

Kosa lilikuwa wapi?

Fimbo ile haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa watu wasimamao mchangani mbele ya bahari kuu, ambao hutupa risasi nzito ng'ambo ya mawimbi makubwa. Juu ya mpini wake palikuwa pameandikwa 100–250 g. Hesabu hiyo, ambayo wanunuzi wengi hawaitazami, ndiyo uzito ambao fimbo yaweza kuutupa vizuri. Yule baba alifunga risasi ya gramu 20. Fimbo haikupinda hata kidogo, na fimbo isiyopinda hairushi kitu, kama vile upinde usiovutwa usivyorusha mshale. Zaidi ya hayo, alikuwa ameweka mshipi mnene wa milimita 0.60 juu ya mulineti ndogo, yaani kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Mshipi mnene juu ya mulineti ndogo hutoka kwa shida, hujikunja kama chemchemi ya saa, na mwisho hujisokota.

Basi jambo la kwanza la kushika ni hili: fimbo, mulineti, mshipi na risasi ni kama watu wanne wabebao mzigo mmoja. Mmoja akiwa mrefu mno na mwingine mfupi mno, mzigo utaanguka, hata kama wote wana nguvu.

Maji yetu matatu

Mtu wa Lubudi aweza kuvulia katika maji ya namna tatu. Kwanza ni mto wenyewe, Lualaba na mito iingiayo humo, wenye mkondo, mawe na matete. Pili ni ziwa la Nzilo karibu na Kolwezi, lililotokea bwawa la umeme lilipojengwa katika miaka ya 1950. Huko maji yametulia, na samaki huweza kukaa mbali na ukingo. Tatu, mwenye jamaa Kalemie aweza kusimama mchangani mwa ziwa la Tanganyika, ambako upepo huinua mawimbi kama ya bahari. Huko hupatikana sangala na kuhe.

Je, yahitajiwa fimbo tatu? Tajiri na anunue tatu. Sisi wengine yatutosha moja, tukiichagua kwa akili.

Fimbo

Chagua fimbo yenye urefu wa mita 3 hadi 3.30, iandikwayo gramu 30–80. Iliyo fupi kuliko mita mbili na nusu haiwezi kuuinua mshipi juu ya matete ya mtoni wala juu ya mawimbi ya Kalemie. Iliyo ndefu kupita mita nne huchosha mikono, hunasa katika matawi, na ni taabu kuichukua juu ya baiskeli au ndani ya gari la moshi. Fimbo ya kiasi hicho itatupa risasi ya gramu 30 ziwani Nzilo, ya gramu 60 penye mkondo, na ya gramu 80 penye mawimbi. Na ukitaka tilapia walio karibu, ondoa risasi kubwa, weka boya na ndoana ndogo, uitumie kama mtoto atumiavyo tete lake.

Fimbo za madukani hutengenezwa kwa nyuzi za kioo au kwa kaboni, au kwa mchanganyiko wa hizo mbili. Ya kioo ni nzito kidogo, lakini huvumilia kugongwa. Ya kaboni, ambayo ilianza kuuzwa katika miaka ya 1970, ni nyepesi na ina wepesi wa kurusha, lakini ikigongwa penye jiwe hupata ufa usioonekana, na siku ya samaki mkubwa huvunjika. Kwa familia yenye watoto twasifu mchanganyiko, au kioo kitupu.

Kabla ya kulipa, omba ruhusa ujaribu. Mwenzako ashike ncha na kuivuta polepole. Fimbo njema hupinda kuanzia nchani mpaka katikati, kisha hurudi upesi bila kutetemeka sana. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa, nayo itakata mshipi.

Mulineti

Kuna aina mbili kuu. Katika aina moja bobini yenyewe huzunguka wakati wa kutupa. Wastadi huipenda, lakini mwanafunzi asiyejua kuizuia kwa kidole atapata fundo la kumliza. Katika aina ya pili bobini husimama, na mshipi huteleza kutoka ukingoni mwake, kama uzi utokavyo kwenye pia ya msusi. Aina hii Mwingereza Alfred Holden Illingworth aliipatia hataza mwaka 1905, naye alikuwa mtu wa viwanda vya sufu. Hii ndiyo imfaayo mtu wa kawaida.

Chukua ya kiasi cha kati, ile iandikwayo 4000 au 5000, iwezayo kuchukua mita 200 za mshipi wa milimita 0.35. Zungusha mkono wake. Usisikie kusaga wala kukwaruza. Legeza breki na kuvuta mshipi. Utoke sawasawa, si kwa kurukaruka. Kama fedha hazitoshi kwa yote, punguza katika fimbo, usipunguze katika mulineti, kwa kuwa ndani yake mna meno na vyuma vinavyochakaa. Jaza bobini mpaka zibaki milimita mbili chini ya ukingo. Ikipungukiwa, mshipi hautafika mbali. Ikizidi, utamwagika wote pamoja.

Mshipi

Wengi hutazama fimbo siku nzima, kisha hununua mshipi wowote. Wakumbuke ya wahenga: kamba hukatikia pembamba. Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935 katika maabara za DuPont, bado yatosha. Unene wa milimita 0.35 hubeba yapata kilo 8, nao huvutika kidogo, jambo limsaidialo asiye stadi samaki anaporuka. Mishipi ya kusukwa ni myembamba na yenye nguvu zaidi, lakini ni ghali, haivutiki, na hukata vidole.

Kwa risasi nzito kuna sheria moja ambayo twaomba isivunjwe na mtu. Ukitupa risasi ya gramu 60 au zaidi, unganisha mbele ya mshipi wako kipande cha nailoni nene ya milimita 0.50 au 0.60, chenye urefu mara mbili wa fimbo. Kadirio ni hili: kwa kila gramu 30 za risasi, kipande hicho kiwe na nguvu ya kilo 5. Sababu yake si samaki. Mshipi ukikatika wakati wa kutupa, risasi huruka kama ile ya bunduki, na wanaosimama karibu yako ni watoto wako mwenyewe.

Na kama mahali pana mbenga, yule samaki wa Lualaba mwenye meno kama misumari, weka waya wa chuma wa sentimita 25 mbele ya ndoana, maana meno yake hukata nailoni kama mkasi. Lakini tusidanganyane: mbenga aliyekomaa hupita urefu wa mita moja, na chombo hiki hakikuwekwa kwa ajili yake. Kwa wadogo zake kinafaa.

Baadaye pima breki. Mshipi ukiwa haujapitishwa katika pete, funga dumu lenye lita mbili na nusu za maji, yaani kilo mbili na nusu hivi. Inua mulineti juu, legeza breki mpaka dumu lishuke polepole, kisha kaza kidogo tu mpaka lisimame. Hapo breki itaachilia kabla ya mshipi kufika theluthi ya nguvu zake. Lowesha kila fundo kabla ya kulikaza, maana fundo likazwalo kavu hupata joto na kudhoofika.

Utunzaji na usalama

Adui wa mulineti ni mchanga. Usiilaze chini kamwe. Kata mti wa panda uchomeke ardhini, fimbo ipumzike hapo. Ukirudi nyumbani, ipanguse kwa kitambaa kibichi, ikaushe, na kulegeza breki. Vipande vya nailoni usivitupe ukingoni, maana havilozi upesi, na ndege hunaswa miguu humo.

Tena twawasihi akina baba katika mambo manne. Ndoana ikinasa majini, kata mshipi. Usiingie kuitafuta, kwa sababu mamba haoni haya. Ngurumo zikisikika, lala fimbo chini uondoke ukingoni, hasa kama ni ya kaboni, kwa kuwa kaboni hupitisha umeme. Kwa sababu hiyo hiyo, usiinue fimbo chini ya nyaya kubwa zitokazo Nzilo na Nseke. Mwisho, usivue ndani ya mbuga ya Upemba, iliyowekwa chini ya ulinzi tangu mwaka 1939, wala usile samaki wa kijito kipokeacho maji ya viwanda vya madini.

Na ukiwa Kalemie ukaona kuhe wawili wakizunguka juu ya mchanga pamoja na wingu la vitoto, waache. Baba na mama wa samaki hao hulinda watoto wao pamoja. Awaondoaye hao ameondoa na watoto wote.

Fedha ya nani?

Twarudi kwa rafiki yetu. Usiku ule ule alimwambia mkewe. Mama yule hakupiga kelele, aliuliza tu: "Baba, fimbo hiyo itarudi dukani?" Haikurudi. Iliuzwa kwa mtu mwingine kwa hasara, na fedha zilizopatikana zilikwenda shuleni zote. Kwa miezi mitatu baba alivua kwa tete la mwanawe, naye hakuona aibu. Kisha, haba na haba, wakakusanya wote wawili kiasi cha kununua fimbo ya mita tatu, mulineti ya kati, na mita 200 za nailoni. Safari hii mama alikuwako walipohesabu.

Tulimwona tena ukingoni. Risasi ilikwenda mbali, pale hasa alipotaka, na kabla ya jua kutua kambale wawili walikuwa kikapuni. Akampa mwanawe fimbo, akasimama nyuma yake, akamwonyesha jinsi ya kushika mshipi kwa kidole.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuingia dukani, jiulize maswali matatu. Nitavulia maji gani? Vyombo hivi vinne vyapatana? Na fedha hizi, nyumbani wamekubali zitumike? Ukijibu yote matatu bila kusitasita, nunua kwa amani.