Hazina ya Pindoni

Fedha ya karatasi na upepo wa Dodoma havipatani. Kuanzia mwezi wa Juni, baridi inaposhuka juu ya uwanda wa Ugogo na vumbi likaingia hata ndani ya kikombe cha chai, mtu auzaye bidhaa zake chini, mahali pasipo paa wala ukuta, hathubutu kuiacha noti wazi hata kwa muda wa kupepesa jicho. Vijana wa pembezoni mwa Soko la Majengo wamejipatia vibegi vya kufunga kiunoni. Kina mama watu wazima na vikongwe, wale washukao alfajiri kutoka upande wa Mvumi na vijiji vingine vya Chamwino na vifurushi vya mlenda mkavu, karanga na ukwaju, wamebaki na kanga zao mbili, moja kiunoni na nyingine mabegani, nguo ambazo hazijapata kuwa na mfuko tangu zilipobuniwa.

Nilitoa noti ya shilingi elfu kumi kununua karanga za elfu tatu. Mkono wa kulia wa bibi aliyeniuzia ulikuwa ukipima karanga kwa kopo, na macho yake yalikuwa kwa mteja mwingine aliyekuwa akibishania bei ya sado. Lakini mkono wake wa kushoto, peke yake, bila ya kuongozwa na jicho, ulikwenda kiunoni, ukapapasa, ukafundua, ukatoa noti ya elfu tano na noti ya elfu mbili, ukaitia yangu mahali pake, ukafundika tena, na haya yote yalikwisha kabla kopo halijamiminwa. Kijana wa jirani, mwenye kibegi cha zipu tatu, alikuwa bado akitafuta chenji ya mteja aliyefika kabla yangu. Nikamwamkia bibi tena, safari hii kwa haja, nikamuuliza ameujuaje mkono wake kiasi hicho.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Lakini kwanza niambie, wewe ni mtu wa kodi?"

Alipokwisha kuridhika kwamba mimi ni mtu wa gazeti tu, alikubali nirudi jioni wakati wa kufunga vifurushi, kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa, alisema, wadaiwa wake wanajua kusoma. Nitamwita Bibi, kama wamwitavyo sokoni.

Kanga huuzwa kwa doti, na doti ina ncha nane. Bibi alinihesabia zote kwa utaratibu wa mwalimu wa hesabu, akianza na zile zisizofaa. Ncha mbili za chini za kanga ya kiunoni hazifungwi kitu, kwani hupigwa na umande asubuhi na hukanyagwa na watu mchana. Ncha mbili za chini za kanga ya mabegani huning'inia nyuma, na kitu kilicho nyuma ya mwenyewe, alisema, ni cha kila mtu. Zimebaki nne. Ncha ya ndani ya kanga ya kiunoni, ile inayotangulia kugusa tumbo kabla nguo haijazunguka mwili, ndiyo makao ya mtaji. Haifunguliwi sokoni kwa hali yoyote, hata mteja akija na noti kubwa ya kutaka kununua gunia zima. Ncha ya nje ya kanga hiyo hiyo, ifutikwayo kiunoni upande wa kushoto, ni ya chenji, na ndiyo niliyoiona ikifanya kazi. Katika kanga ya mabegani, ncha ya kulia ina nauli ya kurudi na fedha ya chumvi na mafuta ya taa. Ya kushoto ina amana.

"Amana ni ya watu," alieleza. "Sisi tunachangizana kila wiki, na mimi ndiye mweka fedha. Hiyo siichanganyi na yangu hata kwa dakika moja. Ukichanganya, utasema nitarudisha kesho, na kesho mvua haikunyesha."

Kisha akanionyesha mafundo yenyewe. Noti hukunjwa kwa urefu mara mbili, ikaviringishwa mpaka ikawa na unene wa kidole, na sarafu huwekwa katikati ya noti ili zisigongane na kutangaza habari ya mwenyewe njiani. Fundo la chenji hufungwa mara moja, kwa namna ambayo kidole gumba kikilisukuma kwa chini linaachia. Fundo la mtaji hufungwa mara mbili, likakazwa kwa meno, na kulifungua kunataka meno vile vile, pamoja na subira na mahali pa faragha. Fundo la amana lina mkia mrefu na la nauli lina mkia mfupi, hata usiku wa giza mkono unajua umeshika lipi. Nilipomuuliza nani alimfundisha haya, alinitazama kwa mshangao, akajibu kwa kuniuliza nani alinifundisha mimi kutia mkono mfukoni.

Lakini ustadi wake ulionipendeza kupita wote ni fundo la uongo. Karibu na fundo la chenji, mahali panapoonekana na kila apitaye, Bibi hufunga punje mbili tatu za karanga, zikatuna vizuri kama sarafu za mtu mwenye biashara nzuri. Akija mwizi, ataishia hapo. Akija mpwa wake wa kukopa, Bibi hulifungua fundo lile mbele yake, kwa huzuni, akamwonyesha karanga. "Nimemwambia ukweli," alisema, akicheka mpaka kanga ya mabegani ikamteremka. "Sikusema sina fedha. Nimesema tazama."

Kwamba watu wa uwanda huu wa kati wamekuwa wakilitafakari tatizo hili kwa karne nyingi, wasomaji wengi wanalijua kwa sehemu. Nguo ziliingia Ugogo na misafara iliyotoka pwani, merikani na kaniki zikipimwa kwa doti na kutozwa kama hongo, yaani ushuru wa njia, na watemi waliomiliki maji. Lakini kabla nguo hazijaenea, na kwa muda mrefu baada ya kuenea, mali ndogo ya mtu ilikuwa na makao mengine. Wageni waliopita nchi hii, Stanley mwaka 1871 na Cameron mwaka 1873, waliandika kwa kirefu juu ya masikio ya Wagogo: ndewe zilizotanuliwa tangu utotoni mpaka zikaweza kubeba vibuyu vidogo vya tumbaku, pembe na vikorokoro vya kila namna. Cameron, ambaye hakuwa na moyo mpole kwa watu aliowaona, alikiri hata hivyo kwamba masikio yale yaliwafaa wenyewe takriban sawa na mifuko ya nguo. Wengi waliokuja baada yake waliona ushenzi tu. Mimi naona kwamba mtu aliyebuni mfuko usiochakaa, usiofuliwa na usioweza kusahaulika nyumbani alistahili heshima zaidi ya hiyo.

Bibi alimdiriki babu yake mzaa mama akiwa na ndewe za namna hiyo. Katika sikio la kushoto alikuwa na kibuyu cha ugoro kilichozibwa kwa kigaga cha mti, na katika la kulia kijiti cha kuchotea. Wajukuu walikatazwa kukishika kibuyu kile, nao walikishika kila alipolala. Baba yake Bibi hakutanuliwa ndewe. Alikwenda Kongwa akafanya kazi katika ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, akarudi na kaptura ya kaki yenye mifuko minne. "Kijiji kizima kilikuja kuitazama," Bibi alisema. "Mama aliniambia alikuwa akitia mikono ndani na kuitoa, anatia na kuitoa, hakuna kitu. Mshahara ulikwisha njiani. Mfuko mmoja ulikuwa na tundu, ndivyo alivyosema yeye. Mama akamwambia, fundo halina tundu."

Tangu hapo, naamini, ndipo njia zilipoachana. Mfuko uliwafikia wanaume kwa mlango wa jeshi, reli, shule na kibarua. Wanawake waliendelea na kanga, na kila kitu kilichobuniwa na wakubwa kwa ajili ya raia kilibuniwa kwa kudhani kwamba raia ana kaptura. Haikuwa hivyo sikuzote. Sarafu ndogo za Afrika Mashariki za wakati wa ukoloni, senti moja, senti tano na senti kumi, zilikuwa na tundu katikati, na watu wakizitunga uzini na kuzivaa shingoni au kiunoni. Sitaki kudai kwamba waliozichora walikuwa na huruma, lakini fedha ile ilimkubali mtu asiye na mfuko. Shilingi ya Tanzania ilipotoka mwaka 1966, sarafu zake zilikuja nzima, bila tundu, na hakuna niliyemsikia akilisikitikia jambo hilo isipokuwa Bibi, ambaye mama yake aliendelea kuvaa uzi wa senti kumi miaka mingi baada ya senti zile kukosa thamani.

Karatasi ndiyo iliyokuwa balaa zaidi. Katika Kenya, kuanzia mwaka 1920, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kubeba kipande, cheti cha kazi chenye alama za vidole, na kwa kuwa wengi wao hawakuwa na mahali pa kukitia, kilifungiwa ndani ya kijaluba cha bati na kutundikwa shingoni, jambo walilolihesabu kuwa fedheha, na kwa haki kabisa. Nilikumbuka vijaluba vile pale Bibi alipotoa kutoka kifuani kitambulisho chake cha mjasiriamali mdogo, vile vitambulisho ambavyo Rais Magufuli alianza kuvigawa mwezi wa Desemba 2018, na mfanyabiashara akilipa shilingi 20,000. Hakifungiki katika ncha ya kanga. Ni kigumu, kina pembe, na kinatoboa. Alikifunga ugwe akakivaa shingoni. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa, maana kimoja kilikuwa cha kumfunga mtu na kingine kilikusudiwa kumpa uhuru wa kuuza bila kusumbuliwa. Nasema tu kwamba shingo ni ile ile.

Simu nayo haifungiki. Bibi ana simu ndogo ya vitufe, waiitayo vijana kiswaswadu, na huiweka kifuani, ambako jasho limekwisha kuiua moja kabla ya hii. Fedha ya simu, iliyoanza kuenea nchini tangu M-Pesa ilipofika mwaka 2008, ingepasa kuwa jawabu la kila nililolieleza hapa, kwa kuwa haina uzito, haipeperuki wala hailii njiani. Anaitumia kwa kupokea tu. Namba ya siri anaijua mjukuu wake, kwa sababu maandishi ya simu ni madogo na macho yake hayayafikii. "Hili fundo langu," alisema, akilipiga kofi tumboni, "mjukuu hajui namba yake."

Nilimwendea fundi cherehani wa jirani kuuliza kwa nini magauni ayashonayo hayana mifuko. Alisema hushona kwa anayeomba, na waombao ni wauguzi na wasichana wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Wengine hawaombi, naye hapotezi kitambaa. Bibi nilipomtajia habari hiyo aliguna. Mfuko, kwa hoja yake, ni mlango usio na komeo: mume anatia mkono, mtoto anatia mkono, na mwenyewe anatia mkono bila ya kufikiri, ambalo ndilo baya kuliko yote. Fundo linamlazimisha mtu akae, alifungue, na wakati wa kufungua ajiulize.

Sikuwa na la kumjibu, lakini nilikuwa na la kumuuliza. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani, zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zingebadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, na baada ya hapo zisingekuwa fedha halali. Je, mafundo yote yalifunguliwa kwa wakati?

Bibi alisema yeye alifungua yake. Jirani yake wa kijijini alifariki kabla ya tangazo, na watoto hawakuligusa sanduku la marehemu mpaka matanga ya mwaka. Ndani yake walikuta kanga kuukuu, imekunjwa vizuri, na ncha zake zote nne zimefungwa mara mbili. Noti zilikuwa za Simba na za Twiga, safi, hazikuingiwa na mende. Mwezi wa Aprili ulikuwa umekwisha kupita. Binti mkubwa anataka kuzipeleka benki hivyo hivyo akajaribu, mdogo wake anasema zizikwe, na kaka yao, aishiye Dar es Salaam, anauliza kila apigapo simu kama kweli zilikuwa hizo tu.