Silabi, Neno na Maana: Maktaba za Mitaa na Msomaji Mchanga wa Kiswahili

Kwa muda mrefu idara zetu zimeshughulikia fasihi, sarufi na istilahi, na kazi ya kumfundisha mtoto kusoma ikaachiwa walimu wa madarasa ya mwanzo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo, hasa inapofanywa nje ya shule miongoni mwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, inategemea mambo ya isimu ambayo yatupasa sisi kuyaeleza.

Yafaa kwanza tutazame mahali kazi hiyo inapofanyika. Maktaba ya McMillan, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Halmashauri ya Jiji iliichukua mwaka 1962, na hivi leo ina matawi Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya wafanyakazi. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Tangu mwaka 2018 shirika la Book Bunk, likishirikiana na serikali ya kaunti, limekuwa likikarabati jengo la McMillan na matawi yale mawili, na kuwaandalia watoto shughuli za kusoma. Kando ya hizo viko vyumba vidogo vya kusomea vinavyoendeshwa na vikundi vya wakazi katika mitaa ya mabanda. Shabaha yao wote ni moja: kitabu kimfuate mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu ila kile cha shule.

Haja yenyewe imethibitishwa. Tathmini ya Uwezo, iliyoanza Afrika Mashariki mwaka 2009, iliwaendea watoto majumbani, ikawapima Kiswahili kwa ngazi nne: silabi, neno, aya na hadithi. Ilionekana kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na kwamba watoto wa familia maskini walikuwa nyuma ya wenzao.

Je, mtoto hukwama wapi? Si katika silabi. Tahajia ya Kiswahili ni nyepesi. Irabu ni tano, na karibu kila herufi ina sauti yake moja. Mtoto aliyefundishwa vizuri huweza kutamka maandishi mapema. Ugumu huanza katika neno. Tulichukue neno *hawatatupikia*. Lina silabi saba na mofimu saba: *ha-wa-ta-tu-pik-i-a*. Ukanushi, watendaji, wakati, watendewa, mzizi, kauli na kiishio vyote vimo ndani yake. Msomaji anayekwenda silabi kwa silabi hufika mwisho akiwa amesahau mwanzo. Hapana budi ajizoeze kuviona viambishi kama vipande vizima, na mazoea hayo hayapatikani kwa kitabu kimoja kinachorudiwa mwaka mzima hata kikakaririwa. Hupatikana kwa kukutana na viambishi vilevile katika hadithi nyingi tofauti. Hapo ndipo rafu ya vitabu hamsini katika chumba cha mtaa inapofanya kazi isiyoweza kufanywa na kitabu cha kiada.

Jambo hili lagusa vipimo pia. Vigezo vilivyotumiwa katika mpango wa Tusome, ulioenezwa katika shule za umma mwaka 2015, vilimhesabu mtoto kuwa msomaji stadi akisoma maneno 65 kwa dakika katika Kiingereza, na 45 katika Kiswahili. Asiyeijua lugha yetu angedhani kwamba Kiswahili kimelegezewa masharti. Sivyo, neno letu moja mara nyingi hubeba sentensi nzima ya Kiingereza.

Ngazi ya tatu ni maana. Mtoto wa Nairobi husema *anaendanga* pale ambapo kitabu husema *huenda*. Akikutana na *huenda*, aweza kulitamka bila kosa, na pengine alijua kwa maana ya "labda" tu, hadithi ikampotea. Dawa yake si kumkemea kwa lugha ya mtaani, kwa kuwa lugha hiyo ndiyo daraja lake. Dawa ni mtu mzima anayesoma kwa sauti, akasimama kidogo na kusema: "Yaani, kila siku anaenda." Kazi hiyo yaweza kufanywa na kijana wa sekondari aliyejitolea. Mzazi asiyejua kusoma naye ana sehemu yake, kwani ngano anazosimulia humzoeza mtoto *akaenda*, *alipofika* na *hapo kale*, ambazo ndizo maumbo ya vitabuni.

Lakini rafu nyingi za mitaani zimejaa vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vilivyoandikwa kwa Kiingereza kwa watoto wa mazingira mengine. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini na kujaribiwa pia Kenya na Uganda, umeonyesha njia nyingine: hadithi fupi katika lugha za Kiafrika, zinazoruhusiwa kunakiliwa na kufasiriwa bila malipo. Kilichobaki ni upangaji wa ngazi, nao hauwezi kufuata urefu wa sentensi peke yake. Yafaa uhesabu mofimu katika neno, ngeli zinazotumika, na maumbo ambayo mtoto hayasikii mtaani kwake.

Kazi hiyo ni yetu. Wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza waweza kukusanya masimulizi ya watoto, kuyaandika kwa ngazi, na kuyajaribu katika maktaba iliyo karibu kabla hayajachapwa. Tusipoifanya, wale wa kipato kidogo wataendelea kuhesabiwa kuwa wasomaji kwa sababu wanatamka upesi, nao hawajui walichosoma.