Mzigo wa Hiari

Kila mwezi unapoisha, muuguzi wa kituo cha afya katika zoni ya afya ya Kamina hukaa na daftari lake akahesabu wagonjwa wa malaria aliowatibu, watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua salama, kisha hesabu hizo hupelekwa ofisini zikaingizwa katika programu iitwayo DHIS2, ambayo ndiyo hazina ya habari za afya kwa Kongo yetu nzima. Programu hiyo huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norwe, nayo ni programu huria, maana yake ni kwamba maandishi yaliyoiunda yako wazi, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha bila kulipa. Simu zinazouzwa sokoni kwetu nazo, kwa wingi wake, zinaendeshwa na Android, iliyojengwa juu ya Linux, ambayo kijana wa Kifini, Linus Torvalds, aliianza mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi. Na chini ya programu hizi kubwa zimelala nyingine ndogo ndogo, tabaka juu ya tabaka mfano wa matofali ya msingi, ambazo aghalabu zimeandikwa, na hata leo zinatunzwa, na watu wasiopokea ujira wowote. Habari yangu ni ya uchovu wa watu hao, kwani tofali la msingi likipasuka, aliye ghorofani hana budi kuitafuta sababu, hata awe mbali namna gani.

Mtu huandika programu kwa raha yake, jioni akitoka kazini, akaiweka wazi ili wenzake nao wafaidike. Wakiwa kumi, huwajibu wote kwa furaha. Wakifika laki, kazi hugeuka sura: huyu analeta kosa alilolikuta, yule anataka nyongeza, wa tatu ametuma kiraka cha marekebisho ambacho sharti kisomwe mstari kwa mstari kabla ya kukubaliwa, na wa nne anauliza kwa ukali kwa nini hajajibiwa tangu juma lililopita. Ule uandishi uliokuwa starehe hupungua, na mahali pake huja ukarani usio na mwisho, ambao mtunzaji huufanya usiku wa manane, huku mke au mume na watoto wakimngoja.

Watu wengi hudhani kwamba uchovu wa kuzima moyo ni maradhi ya waajiriwa walioshurutishwa. Ajabu ni kwamba mtaalamu aliyeueleza kitabibu kwa mara ya kwanza, Herbert Freudenberger, mwaka 1974, aliuona miongoni mwa watu wa hiari, katika zahanati ya bure jijini New York ambako yeye mwenyewe alikuwa akijitolea baada ya saa zake za kazi. Na neno alilolichagua ni la moto uliokula kuni zake zote hadi ukazimika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja katika orodha yake ya magonjwa, ingawa halikuuita ugonjwa, likaeleza dalili zake tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi hata kuichukia, na mtu kujiona hafai tena kwa kazi ile aliyokuwa hodari wake.

Sisi wa Kongo tuna neno salongo, nalo wazee wetu walilijua vyema zama za Mobutu, kazi ya pamoja ilipokuwa amri ya serikali. Aliyeamrishwa huinama palipo na msimamizi, na msimamizi akigeuka hunyoosha mgongo akapumua; ilhali mwenye kujitolea msimamizi wake ni moyo wake mwenyewe, nao haugeuki upande, humfuata hata kitandani. Kwa hiyo naamini kwamba mtu wa hiari yumo katika hatari kubwa kuliko mtu wa mshahara, wala hatutamnusuru kwa kumsifu, kwa sababu sifa nazo ni kuni zinazoongezwa katika moto ule ule.

Nitoe kisa kimoja kilichoshtua ulimwengu. Iko programu ndogo iitwayo xz, ambayo kazi yake ni kufinya mafaili ili yachukue nafasi ndogo, nayo imo katika kompyuta nyingi mno za Linux duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja tu, huko Finland. Mwaka 2022 walitokea watu, wakiandika kwa majina ambayo leo yanadhaniwa kuwa ya uongo, wakamlaumu hadharani kwa kukawia kwake, wakamtaka ampe mwingine usukani. Yeye akawajibu kwa unyenyekevu kwamba hajaacha kuipenda kazi, bali nguvu zake zimepungua kwa matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba anaifanya bila malipo. Wakati huo alikuwepo msaidizi mmoja mpole, aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa akileta viraka vizuri tangu mwaka 2021. Mtunzaji aliyechoka akamwamini, akamkabidhi funguo kidogo kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 msaidizi huyo alificha ndani ya xz mlango wa siri, ambao lau ungeenea, aliyeutengeneza angeweza kuingia katika kompyuta zisizo na idadi. Uligunduliwa na mhandisi Andres Freund, mfanyakazi wa Microsoft, aliyeona kuwa kuingia katika kompyuta yake ya majaribio kunachelewa kwa nusu ya sekunde, akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokiona. Wengi walikisimulia kisa hiki kama habari ya ujasusi. Mimi kila nikikisoma namwona yule mtu wa Finland, aliyesema waziwazi kwamba amechoka, na katika maelfu yote waliokuwa wakitumia kazi yake, aliyekuja kumpokea mzigo akawa mwizi.

Afrika Mashariki yetu nayo ina lake la kueleza. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, ghasia zilipozagaa na vyombo vya habari vikabanwa, mwanasheria Ory Okolloh alikuwa akikusanya na kuchapisha mwenyewe habari alizoletewa na wananchi, mpaka wingi wake ukamshinda. Alikiri hivyo mbele ya watu. Mapema Januari 2008 akatoa wito kwa wanaojua kompyuta wamsaidie kutengeneza ramani ambayo kila shahidi ataandika mwenyewe alichokiona na mahali alipokiona. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakaitikia, na baada ya siku chache tu ramani hiyo, iliyoitwa Ushahidi, ikawa hewani, hatimaye ikawa programu huria iliyotumika katika nchi nyingi. Tetemeko lilipoipiga Haiti, tarehe 12 Januari 2010, wanafunzi wa Boston walioiendesha ramani hiyo walikesha kwa majuma, na Wahaiti walio ughaibuni wakitafsiri ujumbe wa simu kutoka Kikreoli. Funzo la mikesha ile lilizaa, mwaka huo huo, kundi la hiari lililojigawa vikosi mapema kabla ya msiba mwingine kutokea: wa kukusanya habari, wa kutambua mahali, wa kuhakiki, wa kutafsiri, kila mmoja akijua kazi yake inaanzia wapi na inakomea wapi. Hicho kikomo ndicho ninachokithamini zaidi.

Akina mama wa soko la Kamina wanaijua likelemba, ambamo kila mmoja hutoa na kila mmoja hufikiwa na zamu ya kupokea. Jumuiya za programu huria zilijifunza kutoa muda mrefu kabla ya kujifunza zamu. Guido van Rossum, aliyeiasisi lugha ya Python na kuiongoza karibu miaka thelathini, alijiuzulu Julai 2018 akiwa amechoshwa na mabishano juu ya nyongeza moja ndogo, wala hakumtaja mrithi. Wenzake wakatafakari, na mwaka uliofuata wakachagua baraza la watu watano. Jumuiya ya Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, humchagua kiongozi wake kila mwaka, na mtunzaji asiyeweza tena kuilea programu yake huitangaza kuwa yatima, ili anayetaka aichukue. Hilo la yatima nalipenda sana, maana limempa mtu njia ya kutoka yenye heshima, bila kutoroka na bila kuomba radhi.

Ila zamu haiwezekani pale ambapo elimu imefungiwa kichwani mwa mtu mmoja. Baluba wa nchi hii walilitambua jambo hilo kabla ya kompyuta kufikiriwa. Habari za wafalme na asili ya dola ziliwekwa katika lukasa, ubao uliopachikwa shanga, unaoshikwa kwa mkono wa kushoto na kupapaswa kwa kidole cha mkono wa kulia, na kuusoma kulifundishwa katika chama cha Mbudye, daraja kwa daraja, ili msomaji mmoja akifa asizikwe pamoja na historia. Mtunzaji anayeandika hatua zote za kutoa toleo jipya, akawapa wenzake wawili waaminifu, aliowajua kwa muda mrefu, funguo zile zile alizo nazo yeye, amejichongea lukasa yake.

Na kwa kuwa mkoa wetu wa Haut-Lomami, hasa kandokando ya maziwa ya Upemba, haujaachana na kipindupindu, nimalizie na ramani. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka walihitaji ramani ya Lubumbashi ili wajue ugonjwa unatoka mtaa gani, na mji ule mkubwa ulikuwa haujachorwa ipasavyo. Watu wa hiari huko ng'ambo wakachora barabara na nyumba juu ya picha za setilaiti katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, na wanafunzi wa Lubumbashi wakazunguka mitaani wakiandika majina, ambayo hakuna setilaiti inayoyaona. Kazi ya kuchora hugawanywa kwa viraba: mtu huchagua kiraba kimoja, kikafungwa kwa jina lake asije mwingine akakirudia, na akikimaliza mwenziwe hukihakiki. Akichoka katikati, au mtoto akilia, au umeme ukikatika, baada ya saa mbili kiraba kinafunguka chenyewe kwa ajili ya mwingine, wala hakuna amuulizaye kwa nini alikiacha.