SUMAKU YA MZEE ILIVYONIUMBUA MBELE YA MTEJA

Msomaji, kabla hujanicheka, nisikilize kwanza. Mimi ndiye kijana niliyeumbuliwa na baba yangu mzazi mchana kweupe, tena kwa kipande cha sumaku kilichotoka kwenye spika ya redio mbovu. Mchezo nini!

Kisa chenyewe ni hiki. Nyumbani kwetu Kigamboni, chini ya mwembe, kulikuwa na Peugeot 504 ya mzee. Wenye umri wao wanalijua "Pijo" hilo, lile la gia ya kwenye usukani. Lilitoka kwa mara ya kwanza kule Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya, na mwaka 1975 likanyakua ubingwa wa Safari Rally, dereva akiwa Msweden Ove Andersson. Kwa ufupi, lilikuwa gari la wanaume kazini.

La mzee wangu lilivuka bahari kwa pantoni kwenda mjini na kurudi, miaka chungu nzima, kabla Daraja la Nyerere halijafunguliwa mwaka 2016. Asubuhi linarushiwa maji ya chumvi tumboni, jioni hivyo hivyo. Mzee alipostaafu likalala chini ya mwembe, majani yakalifunika, kuku wakahamia.

Mwaka 2022 nikabanwa na kodi ya fremu yangu ya kuuzia simu. Mfuko umetoboka, mwenye fremu kanuna. Nikamwomba mzee aniachie gari niliuze. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Chukua."

Nikamfuata fundi mmoja wa bodi. Akalizunguka, akatabasamu: "Dogo, hapa ni puti na rangi tu. Siku nne, ukiliona mwenyewe utaliamkia shikamoo." Kweli bwana, siku ya nne lilikuwa linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kutu yote imefunikwa. Nilijua kilichomo ndani? Nilijua. Nikajifanya sijui.

Mteja akaja Jumapili na mkewe na watoto wawili. Watoto wakarukia kiti cha nyuma, wakaanza kucheza. Tumeshafika kwenye kuhesabu noti, mara mzee akanyanyuka barazani na sumaku yake mkononi. Akaiweka kwenye boneti, ta! Ikanasa. Akaiweka chini ya mlango wa nyuma, puu! Ikaanguka mchangani. Akaiokota, akaiweka kwenye madigadi. Ikaanguka tena.

"Bwana," akamwambia mteja kwa upole, "hapa hakuna bati, ni puti tupu. Ukigongwa ubavuni, watoto wako ndio bati."

Mteja akawashusha wanawe, akaondoka bila kuniaga. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Kama unaliuza, liuze zima. Huwezi, liache lioze kwa heshima."

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawafikiria wale watoto.

KUTU SI UCHAFU

Basi nikaamua kuanza upya, safari hii kiukweli. Somo la kwanza nililopata ni kwamba kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Chumvi inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, ndiyo maana kutu ya pwani ina haraka kuliko ya bara. Tena kutu yenyewe inashika unyevu na haikingi chuma kilichobaki chini yake. Kuipulizia rangi ni sawa na kupaka poda juu ya kidonda. Usoni mrembo, ndani kunaoza.

Nikang'oa viti na kapeti. Nilipogonga sakafu upande wa dereva kwa bisibisi, ikapita mpaka chini, nikauona mchanga wa uani. Nikachungulia milangoni: vile vitundu vya kutolea maji vimezibwa na majani ya mwembe. Maji yalikuwa yakiingia bila pa kutokea.

NILIVYOFANYA

Kwanza nilikwangua. Brashi ya waya, grinda, kisha msasa namba 80 na 120, mpaka bati likawa jeupe. Mshikaji, vaa miwani na barakoa, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na ole wako uingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi imara.

Penye kutu ya juu juu nilipaka dawa yenye asidi ya fosforiki, inayoigeuza kutu ikawa utando mweusi. Lakini palipooza hakuna dawa, ni kukata. Nilinunua bati la geji 18, unene wa kama milimita 1.2, nikamtafuta fundi wa kuchomelea. Kabla hajawasha mashine tulitoa betri na tangi la petroli, tukaweka karibu mtungi wa kuzimia moto. Mimi nilitaka turuke hatua ya tangi ili tuwahi. Fundi akavua glovu zake, akasema hachomelei. Nikalitoa.

Bati likishakuwa safi, lifute kwa tina na ulipige praima siku hiyo hiyo. Kwetu Kigamboni bati tupu likilala nje usiku mmoja, asubuhi limeshapata rangi ya chai. Nilitumia praima ya epoksi, kwani nyingi za kawaida zinapitisha unyevu zisipofunikwa na rangi. Puti si haramu, ila iwe nyembamba ya kusawazisha, si ya kuzibia matundu.

Baada ya rangi, nilipuliza nta maalumu ya kuzuia kutu ndani ya milango na vizingiti, kwa kupitia vitundu vyake, nikahakikisha sikuviziba. Lami ya chini nilipaka mwisho, pakiwa pakavu kabisa. Ukiipaka juu ya kutu na unyevu, unaifungia nyoka ndani ya nyumba.

Kazi hiyo ilinila Jumamosi za miezi kumi na minne. Niliuza spika zangu mbili kubwa zilizokuwa zinatikisa mtaa. Fremu nilinyang'anywa, na mpaka leo nauza simu mezani. Sikufichi, iliniuma.

SIKU YA HUKUMU

Siku nilipomaliza, mzee alitoka na sumaku yake. Sikuitwa, lakini nilimfuata nyuma kama mtuhumiwa. Boneti, ta! Mlango, ta! Kizingiti, ta! Kwenye madigadi ya nyuma kushoto ikashika kwa kusuasua, ikateleza kidogo. Mzee akanigeukia.

"Hapa?"

"Kuna puti kidogo mzee, ya kusawazisha. Bati lipo chini yake."

Akatikisa kichwa. "Angalau leo umesema mwenyewe."

Akatia sumaku mfukoni, akaingia, akakaa kiti cha abiria. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mzee akikaa upande ule wa gari lake. "Endesha," akasema.

Kuuza? Haliuzwi tena. Nikitoka nalo ufukweni naliosha kwa maji baridi, hasa tumboni na ndani ya madigadi. Kila kabla ya masika nazibua vitundu vya milango. Rangi ikichubuka, nakwangua na kupaka wiki hiyo hiyo.

Nawe ukienda kununua gari la zamani, usiangalie mng'aro. Beba sumaku, izungushie kitambaa chembamba isichubue rangi, uipitishe chini ya milango na kwenye madigadi. Kama huna, njoo Kigamboni. Mzee wangu yupo barazani, na yake iko mfukoni.